Benchi la Sebuleni

“Mama Fundi, hao wageni wako wataondoka lini?” jirani aliuliza siku moja, kichwa kikiwa dirishani. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ungekuwa umeshawapa shamba zima!”

Mama Fundi alikuwa akipanguza meza. Alimjibu kwamba wataondoka binti yake akimaliza kazi, Mungu akipenda.

Binti alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kupanga foleni hospitalini. Ilikuwa na kasoro mbili. Ukurasa wa mgonjwa ukifungwa, mashine haikuuachia. Iliung'ang'ania mpaka kumbukumbu yake ikajaa na simu zikaganda. Ndiyo maana wagonjwa wenye kurasa hizo walijaa sebuleni kwa Mama Fundi, kadi mkononi, wakisubiri kuitwa ili waachiwe. Walikuwa na adabu. Mama Fundi akifagia, waliinua miguu.

Kasoro ya pili ilikuwa ya maandishi. Herufi ambayo mashine haikujua kuichora, kama ile moja ya lugha ya kwao, ilitokea kama kisanduku kitupu. Karani akiona visanduku kwenye jina, analiruka, anaita linalofuata.

Alasiri moja binti alifungua majina ya zamani ili ayajaribu. Alipofika kwenye jina la baba yake, lenye kisanduku, baba mwenyewe akaingia, akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Alikuwa amefia kwenye benchi la hospitali ile ile, akisubiri kuitwa.

“Umekonda,” Mama Fundi alimwambia, akimpa chai.

“Foleni, mke wangu.”

Mkubwa wa binti kazini akapiga simu. “Dada, unahangaikia nini? Kila jioni zima, washa. Itajisafisha yenyewe.”

“Ukizima, bosi, wanatupwa nje bila kuitwa.”

Mama Fundi alisikia hayo akiwa jikoni, akanyoosha mgongo. Damu haipotei. Mumewe alikuwa fundi saa, na hakumrudishia mtu saa ya kubahatisha hata siku moja.

Binti alipekua programu mpaka akapaona pale alipoagiza kurasa zifunguliwe na kusahau kuagiza ziachiwe. Akaongeza na herufi zilizokosekana. Wagonjwa wakaanza kuitwa, wakatoka mmoja mmoja. “Tumewachosha, mama,” walisema mlangoni.

Karani wa hospitali naye akapiga simu kushukuru. Majina yote yalisomeka.

“Na daktari?” binti aliuliza.

“Daktari bado hatujapata. Lakini benchi sasa linaitwa vizuri sana.”

Sebuleni akabaki baba peke yake. Binti alishika simu, kidole hakishuki.

“Mama, naweza kumwacha huyu mmoja tu abaki. Mashine itambeba.”

Mama Fundi alimtazama mumewe. Chai yake ilikuwa imepoa, hakuigusa.

“Kazi ya nusu umeirithi kwa nani?” alisema. “Mwite, mwanangu. Wengine wote waliruka jina lake. Wewe umeweza kulichora.”

Binti akabonyeza. Jina likatokea zima, pamoja na ile herufi ya kwao. Baba alilisoma polepole kutoka alipokaa, kama alivyokuwa akikagua saa iliyopona.

“Fundi,” alimwambia binti yake.

Akavaa kofia, akatoka.