Baridi ya Mikono ya Mwamina

Mwaka ule Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakifunga virago Nachingwea, jiko la kambi ya wagonjwa wasiojiweza, kwenye njia ya Nambambo, lilipewa kuni mara moja tu kwa siku. Mwamina alipika mbaazi asubuhi, akapakua za mchana, na zilizobaki zikangoja jioni ndani ya sufuria. Kwa joto la Novemba, hadi jioni zilikuwa zimetoa povu. Wagonjwa walikula, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Bi Mwanne, mmoja wa wagonjwa, alikula, akaharisha, akafa. Mwamina, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale kambini, alimwosha. Alipomaliza, baridi ya maiti ilibaki mikononi mwake. Aliota moto, haikutoka. Akarudi jikoni, maana mchicha ulikuwa bado haujachambuliwa.

Kesho yake aliishika sufuria kwa viganja tangu adhuhuri. Jioni mbaazi hazikuwa na povu wala harufu. Wagonjwa walilalamika tu kwamba zinauma meno. Tangu hapo Mwamina alishinda amekaa kigodani, sufuria mapajani, na hakuna aliyeharisha tena. Mama yake, Bi Sabaha, aliyekuwa amelazwa humo humo, mashavu yalianza kujaa.

"Baridi ya Mwanne hiyo," mama alisema. "Itunze, mwanangu."

Bwana Eusebio, msimamizi wa kambi, alikuwa na friji ya mafuta ya taa nyumbani kwake. Mafuta yalipomwishia, alimwita Mwamina aje kumshikia nyama na siagi.

"Na mbaazi za wagonjwa, bwana?"

"Si zina mfuniko? Zifunike."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mwamina alitamani kumtupia ile siagi usoni, lakini wangefukuzwa yeye na mama yake, na mama hakuweza kutembea. Akazifunika mbaazi, akaenda.

Jioni ile zilitoa povu. Bi Sabaha alikula.

Mwamina alimwosha mama yake mwenyewe, polepole, akilia. Baridi ya mama ikajiunga na ya Mwanne.

Aliporudi kazini, maji ya kunywa ya Bwana Eusebio yaliganda mikononi mwake yakawa barafu. Bwana Eusebio alimpa pole ya msiba, akavunja kipande, akakinyonya. Akasema hakuna haja tena ya kuagiza mafuta ya taa, na kesho aje mapema.

Kule jikoni, mbaazi zilikuwa zimefunikwa vizuri.