Jani la Mchungwa Juu ya Bakuli

Kwa miaka kumi na tisa Mmanga alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu wa mikarafuu pale Chake Chake. Wazungu walikuja na kuondoka, mpishi akabaki yeye. Na kwa miaka yote hiyo mvinyo ulipita mikononi mwake. Aliufungua, akaumimina, akautia kwenye nyama zao, kisha akanawa kwa sabuni mara tatu na kwenda kusali. Kuuonja hakuuonja. Alipikia kwa pua tu. Pua yake ilimwambia lini mchuzi umewiva, na haikumdanganya hata siku moja.

Jambo hilo alilitolea kiapo. Maalim Jaribu, aliyekuwa akisomesha dini skuli, alipokuja Mgogoni, kijijini kwa Mmanga, kumposea mwanawe Himid binti wa mpishi huyo, Mize, kwanza alisugua goti, halafu akasema:

"Bwana Mmanga, siye mtoto tumempenda. Lakini kazi yako tunaijua, na mie sipendi kuficha maneno. Mkono wako unatia ulevi kwenye vyombo vya watu. Hilo utaulizwa wewe na Mola wako. Mie n'nauliza mdomo."

"Mdomo wangu haujagusa, Maalim. Wallahi."

"Hata kuonja chumvi?"

"Hata kuonja chumvi."

"Basi yamekwisha. Utamwoza mwenyewe, kwa mkono wako."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo Mmanga aliyoyataka kuliko mahari, kuliko ngoma. Mkewe Mwanapili alikufa Mize akiwa na miaka sita, na pale pale matangani, mdogo wake Mmanga, jina lake Shaame, alisema mbele ya watu kwamba mwanamme wa jikoni hawezi kulea mtoto wa kike. Tangu siku ile ndugu hao wawili walisalimiana kwa kuwa dini inataka, si zaidi. Mmanga alimlea mwanawe, dada yake Mwatum akimsaidia. Kila Ijumaa alikwenda Mgogoni na kapu mkononi, akamfundisha Mize kupika, akamsuka nywele vibaya, watoto wenzake wakamcheka, akamfumua akamsuka tena. Sasa alitaka kitu kimoja tu. Siku ya ndoa amshike Himid mkono wa kulia, aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba amemwoza binti yake. Kama si yeye, sheria ilimpa mkono ule Shaame.

Ndoa ilipangwa Ijumaa. Memsabu, mke wa Mzungu wa sasa, akataka karamu Jumatano yake.

Ilikuwa mwaka hamsini na tisa, mwezi wa Oktoba, karafuu zimeanikwa kila uwanja mpaka ukipiga chafya zinatoka karafuu. Memsabu alikuwa mgeni, hajatimiza mwaka, na joto lilikuwa limemchosha. Alikuja jikoni na karatasi.

"Mpishi, kwetu sasa majani yanakuwa mekundu, yanaanguka. Baridi inakuja. Watu wanakunywa panchi." Akaeleza: mvinyo mwekundu, matunda ndani, viungo, sukari. Akahesabu kwa vidole, akafika kwenye epo, tunda la kwao, akasikitika. "Hapa hakuna."

Mmanga akalijua tunda lenyewe, kalipika mara nyingi likitoka kwenye kopo. "Kuna matufaa ya kwetu, Memsabu. Mekundu, yana maji. Yatakaa vizuri."

Memsabu akafurahi kama mtoto. Halafu akasema kwamba Bwana amewaalika na wazee wa mji na waalimu wote, kwa hiyo wale wasiokunywa watiliwe maji ya machungwa kwenye jagi.

Neno lile lilimkera Mmanga. Miongoni mwa waalimu hao alikuwamo Maalim Jaribu, mkwewe mtarajiwa. Wazungu wanywe kwenye bakuli kubwa la kioo linalometa, na Maalim apewe maji ya machungwa kwenye jagi kama mgonjwa? Hata kidogo. Kabatini yalikuwamo mabakuli mawili yanayofanana. Akayatoa yote mawili.

Siku ya Jumatano, alfajiri, alichemsha maji na sukari kwenye sufuria moja kubwa. Akatia karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi ya kuponda, kungumanga ya kukwaruza. Akaacha moto mdogo mpaka nyumba nzima ikanukia. Kisha akaigawa sawasawa. Nusu moja akaichanganya na mvinyo, nusu nyingine akaichanganya na maji ya choya, maua machachu aliyokuwa ameyaroweka usiku kucha, mekundu yaliyoiva. Kila bakuli akalikatia matufaa, machungwa ya duara na maganda yake, vipande vya nanasi. Vyote akavitia kwenye friji la mafuta ya taa vipoe.

Alipoyatoa mchana na kuyaweka mezani pamoja, yeye mwenyewe alitabasamu. Rangi moja, matunda yale yale, harufu ile ile. Hakuna mtu ambaye angeliona kapewa cha chini. Ndipo akachuma jani moja la mchungwa, akalifuta, akaliweka juu ya bakuli la choya.

"Kificho," alimwita boi wa nyumba, mtu wa miaka thelathini na mdomo usiotulia. "Angalia hapa. Lenye jani, la waungwana. Lisilo na jani, la Wazungu."

"Na weye je, Mzee Mmanga? Baba wa bibi harusi yumo kwenye lipi?"

"Nimo jikoni. Toka."

Maalim Jaribu alipofika, baada ya sala ya alasiri, hakwenda bustanini moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka mlango wa jikoni, na kanzu yake iliyopigwa pasi ikasimama kama karatasi.

"Asalaam alaykum, mkwe."

"Waalaykum salaam, Maalim. Karibu, lakini hapa moshi."

"Sikai. N'na neno moja. Mie kwenye nyumba hizi huwa sinywi hata maji. Leo kinywaji chetu ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu. Choya."

"Basi n'takunywa," alisema Maalim, akamgusa bega, akaenda zake.

Mmanga alibaki amesimama na bega lile. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu wa Mgogoni aliyewahi kumwambia neno zuri kama hilo kuhusu kazi yake.

Alitoka kuangalia meza nusu saa baadaye. Mabakuli yote mawili yalikuwa na jani la mchungwa.

Memsabu alikuwa amesimama hapo hapo, gauni la maua, anacheka. "Mpishi! Jani zuri sana. Nimeweka na hili."

"Memsabu, lipi lilikuwa na jani mwanzo?"

Akaangalia moja, akaangalia la pili. "Hili," alisema. Kisha: "Au hili? Nimeyasogeza kidogo."

Kificho alikuwa anarudi na trei tupu. Mmanga akamshika mkono.

"Waalimu umewatilia kwenye lipi?"

"Hili la kushoto. Si lina jani?"

"Yote yana jani!"

Kificho akatazama. "Ya Rabbi. Wameshika vikombe. Mudiri wa serikali anawahutubia, bado hawajanywa."

Mmanga aliinama akanusa bakuli la kushoto. Karafuu. Akanusa la kulia. Karafuu. Pua yake ilikuwa imekaa kwenye mvuke wa karafuu tangu alfajiri, katika mji unaonuka karafuu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia viungo sawa huku na huku ili pasiwe na tofauti. Pua iliyomlisha miaka kumi na tisa haikumwambia kitu.

"Onja weye," alimwambia Kificho.

"Mie? Mie n'na mke, mzee, na ana pua."

Kule kwenye viti, mudiri akamaliza maneno. Watu wakapiga makofi. Maalim Jaribu, mwisho wa safu, akainua kikombe chake, akasoma bismillahi.

Mmanga angeliweza kupiga kelele tu. Angeliweza kusema msinywe, akaaibika yeye, akaaibika Bwana, mambo yakaisha. Hilo alikuja kulifikiria baadaye, na hakuacha kulifikiria. Lakini pale mezani alikuwa mpishi, na mpishi akitaka kujua kilichomo chunguni anafanya jambo moja. Alishika upawa, akachota kwenye bakuli la kushoto, akatia mdomoni. Na kwa mazoea ya ulimi wa mpishi akameza kabla hajafikiri.

Uchungu ukamshika kooni, moto ukashuka kifuani.

Alikimbia, mzee yule, akapita katikati ya viti vya Wazungu na aproni yake, akakipiga kofi kikombe mkononi mwa Maalim Jaribu. Kikaruka. Kanzu nyeupe ikapata doa jekundu toka kifuani mpaka gotini.

"Msinywe! Wekeni vikombe, jamani, si chenu hicho!"

Waalimu wakaweka vikombe chini kama vina nge. Hakuna aliyekuwa amekunywa. Mmanga alihema na kucheka kwa pamoja. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Nimewahi."

Maalim Jaribu hakuwa anatazama kanzu yake. Alikuwa anamtazama mdomo.

"Umejuaje?" aliuliza, polepole.

"Mabakuli yamechanganyika, Maalim. Ilibidi nijue. Nimeonja."

"Nimekuona ukionja. Nauliza umejuaje."

"Ukali wake. Mtu yeyote angejua."

"Mie nisingejua," alisema Maalim Jaribu. "Mie ningelisema choya imechacha. Mtu hukijua kitu alichokwisha kukionja."

Mmanga alifungua mdomo ajibu, harufu ya mvinyo ikamtoka. Maalim akageuza uso. Alikunja kanzu yake upande wenye doa, akaondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Lakini umemwokoa," Kificho alikuwa akisema nyuma yake. "Mzee Mmanga, si umemwokoa? Mbona hasemi ahsante?"

Alhamisi nzima Mmanga alikuwa Mgogoni, anasubiri mjumbe wa kuvunja posa. Hakuja mtu. Alitubu, alifunga, alisukutua mdomo kisimani mpaka fizi zikatoa damu. Mize alimwona, akauliza, baba mtu akasema jino.

Ijumaa, baada ya sala, wakaja wote: Himid ndani ya joho, wazee wa kwao, Maalim Jaribu na kanzu mpya. Mkeka ulikuwa umetandikwa, udi unafuka. Mmanga alikwisha kaa mahali pake, ameukunjua mkono wake wa kulia juu ya goti, safi, umepakwa mafuta ya udi. Maalim alimwomba watoke kidogo, wasimame nyuma ya kibanda cha kuku.

"Mie sina ugomvi na mtoto," alisema. "Mtoto nimemridhia. Lakini ndoa ya mwanangu sitaki iwe na shaka. Aoze Shaame."

"Maalim, mara moja. Siku moja katika maisha. Na ilikuwa kwa ajili yako."

"Uliniapia wallahi mdomo wako haujui. Na mbele ya macho yangu mdomo wako umejua."

"Wallahi nilisema kweli."

"Inawezekana," alisema Maalim, na sauti yake ilikuwa na huruma, na hilo likawa baya zaidi. "Lakini mie siwezi kuingia ndani ya mdomo wako nikaangalia. Ukimshika Himid mkono, tunarudi nyumbani sasa hivi. Amua weye. Weye ndiye baba."

Ndani wanawake walikuwa wanacheka. Mwatum alikuwa anamwimbia Mize, na Mize anamwambia shangazi acha, nitalia wanja utoke. Mmanga aliisikia sauti ile ya mwanawe, akaisikiliza mpaka ikakatika.

"Mwite Shaame," alisema.

Alikaa kwenye baraza ya nje, juu ya gogo la kukalia watu wa kupita njia. Kupitia dirisha lisilo na kioo alisikia yote. Alimsikia mdogo wake akikohoa kusafisha koo. Alimsikia akisema nimekuoza Mize binti Mmanga, kwa sauti nzito ya mtu aliyeshinda, na Himid akajibu nimekubali. Vigelegele vikapanda. Mkono wa kulia wa Mmanga ulikuwa bado umekunjuliwa juu ya goti. Akaufunga.

Kisha vigelegele vikakatika, na watu wakaanza kuulizana mbona sharbati haiji. Mwatum akatokea mlangoni, kashika kikombe kwa mikono miwili.

"Kaka. Mwanao kaipika mwenyewe. Anasema haigawiwi mtu mpaka baba aonje."

Mmanga alikipokea. Ilikuwa choya, na ndani yake karafuu, mdalasini, iliki, vipande vya matufaa, kama alivyomfundisha. Harufu ile ile. Wanaume waliojaa barazani waligeuka. Shaame alikuwa amesimama mlangoni, Maalim Jaribu nyuma yake. Wote walikuwa wanautazama mdomo wake.

Akakiinua kikombe, akakigusisha kwenye midomo iliyofungwa, isije ikajua kitu tena mbele ya macho yao, akakaa nacho muda ambao mpishi hukaa nao. Kisha akamrudishia dada yake, kimejaa vile vile.

"Mwambie imekaa sawa," alisema. "Mwambie sukari imetosha."