Uchochoro wa Chaneli Mbili

Kwenye kamati ya masafa ya redio walimwita Bi Rula, na jina lenyewe alilipenda. Yeye ndiye aliyepanga chaneli ya redio iwe na upana gani, na kati yake na jirani ibaki nafasi gani tupu. Nafasi hiyo ni kama uchochoro kati ya nyumba mbili: haina mpangaji wala haileti kodi, lakini ukiuziba, wa huku akipiga kelele wa kule hasikilizani na mkewe. Kampuni ya simu iliutolea macho uchochoro mmoja. Ng'ambo yake walikaa zimamoto na redio zao za mkononi.

Safari hii Bi Rula alikubali upunguzwe nusu. Tusimwonee, hakuhongwa. Aliupima mtambo mpya wa kampuni mchana kutwa, na hakuona wimbi hata moja likivuka mpaka.

"Leo rula imepinda!" mwenyekiti akatania, na kikao kizima kikacheka, yeye akiwemo.

Minara ikawashwa. Siku moja alipita kituo cha zimamoto kumwona mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Hata wenzake kazini walimwita Kitinda.

"Dada, wewe si mtu wa mawimbi?" Kitinda aliuliza huku akifuta buti. "Hizi redio tukifika sokoni zinakuwa bubu. Tukitoka pale, zinapona."

"Betri hizo."

"Tumebadilisha zote. Labda ni sikio la kufa, halisikii dawa."

Kitinda alicheka peke yake. Mnara mpya wa kampuni ulisimama palepale sokoni. Mtambo aliupima, redio za zimamoto hakuzipima. Zilikuwa za zamani, zimetengenezwa wakati jirani alipokuwa mbali, na vichujio vyake vya kuzuia mawimbi ya jirani vilikuwa vilegevu. Kelele ya kampuni haikuvuka mpaka. Redio ndizo zilizosikiliza ng'ambo, na zikikaribia mnara zinazibwa masikio kabisa.

Aliazima redio ya akiba akaenda sokoni kwa miguu, akisikiliza mazungumzo ya kituoni njia nzima. Chini ya mnara sauti zilikatika. Akarudi nyuma kidogo, zikarudi. Aliogopa kweli. Akampigia mwenyekiti.

"Tutalijadili kikao kijacho," mwenyekiti alisema. "Mbona una haraka kama mwenye mgonjwa?"

Hata simu hajaiweka mfukoni, moshi ukatoka ghorofa ya juu ya duka la magodoro, mkabala na mnara. Watu wakakimbia. Gari la zimamoto likafika likipiga king'ora, na Kitinda akaruka chini na wenzake wawili. Bi Rula akamdaka mkono.

"Usiingie! Humo ndani hamtasikia kitu!"

"Dada, kuna watoto juu. Niachie."

Akamwachia. Ndipo akampigia mhandisi wa kampuni, kijana mpole aliyekuwa akihudhuria vikao vya kamati.

"Zima mnara wa sokoni!"

"Bi Rula, bila kibali siwezi..."

"Mdogo wangu yumo ndani! Zima!"

Pembeni yake mkuu wa zimamoto alikuwa akipiga kelele redioni. "Tokeni! Paa linashuka! Tokeni!" Hakuna aliyejibu. Mabati yalipinda katikati, taratibu, kila mtu akiyaona isipokuwa waliokuwa chini yake. Kisha upande mmoja ukaanguka, na cheche zikaruka hadi barabarani.

Redio mkononi mwa Bi Rula ikakoroma. Mnara ulikuwa umezimwa.

"Dereva!" mkuu akaanza kuwaita watu wake watatu, mmoja mmoja, kwa majina ya kazini.

"Nipo, mkuu. Nashuka ngazi za nyuma, nina mtoto."

"Mrefu!"

"Nipo nyuma yake, mkuu. Nina mwingine."

Sauti zilikuja safi, bila mkwaruzo, mpaka pumzi zao zilisikika.

"Kitinda!"

Mkuu akangoja. Akaita tena, kisha akamgeukia Bi Rula, maana alishaambiwa ni mtaalamu.

"Huenda bado hatusikii, sivyo? Huenda mnara bado unamziba?"

Bi Rula alitamani kusema ndiyo. Chaneli ilikuwa wazi kabisa.