Mkanda wa Mbwa wa Fundi

Jirani alipiga simu kwenye shirika la kutetea wanyama akilalamika kwamba mbwa wa fundi cherehani analia kutwa kucha, basi mkaguzi akafika pale amekunja uso. Alipomwona mbwa, moyo ulimuuma: mkanda wa shingoni ulikuwa umezama nyamani, na kidonda kinanuka.

"Mzee, huyu unamtesa!"

Fundi hakubisha. Aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauachia, ukaanguka pajani kama kitambaa. "Mkanda huu nilimvalisha angali mdogo, mwanangu. Halafu nikapata kiharusi. Najaribu kuufungua kila siku, nashindwa."

"Si ungemwita jirani?"

"Mtaa mzima nimewashonea nguo. Niliona haya kuwaambia siwezi kufungua hata mkanda wa mbwa."

Hasira zilimwisha mkaguzi. Alichuchumaa akaukata mkanda taratibu, fundi akimbembeleza mbwa, kisha akampeleka mbwa kwa daktari. Kabla ya kuondoka na mbwa alimweleza jirani kisa chote, kwa ruhusa ya fundi.

Jirani alishika kichwa. "Masikini! Nami nikadhani ana roho mbaya."

Mbwa alipona. Sasa jirani ndiye anayemwosha, na fundi hukaa kando akimkosoa kwamba hajui kusugua masikio.