Amri za Wally

Katika nyumba ya Glenys na Colin Tregear, pale Temora, mji mdogo wa Australia, mwenye kauli ya mwisho alikuwa kasuku.

Alikuwa mweupe pe, mkubwa kama kuku, na kichwani alibeba kishungi cha manjano alichokisimamisha kila alipoona jambo lisilompendeza. Yasiyompendeza yalikuwa mengi. Jina lake Wally. Colin alimrithi kwa marehemu mama yake, Bi Ivy, pamoja na seti ya vikombe vya chai na saa ya ukutani isiyotembea. Vikombe vilivunjika, saa ikatupwa, Wally akabaki, na alibaki na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Ivy mwenyewe, kavu, ya puani: "Colin, viatu." Colin alikuwa na miaka sitini na sita na alikuwa amestaafu kazi ya maghala ya ngano, lakini akiisikia sauti hiyo mlangoni aliinama papo hapo na kuanza kufungua kamba. Sauti ya pili ilikuwa ya Glenys. Glenys aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa, na sauti yake iliweza kumkalisha mtoto wa kiti cha nyuma kabisa bila yeye kugeuza shingo. Hiyo Wally aliitumia kwa mbwa.

Maana nyumba ile haikukosa mbwa. Kwa miaka sita sasa Glenys alikuwa akiwalea kwa muda mbwa waliookolewa: waliotelekezwa, waliookotwa barabarani, waliofiwa na wenyewe. Walikaa kwake wiki tatu, wengine miezi miwili, mpaka wapate kwao pa kudumu. Kila mgeni alikuta wenyeji watatu wamemtangulia: Tess, mbwa jike mzee, mnene kama pipa, Reg, paka dume wa rangi ya machungwa, na Wally juu ya stendi yake kando ya dirisha la jikoni. Haikuchukua siku mbili mgeni kujua wa kumtii ni nani. "Kaa," alisema Wally, na mbwa wote wakakaa. "Toka jikoni," wakatoka. "Njoo, njoo, biskuti," wakaja mbio wakiteleza sakafuni, wakakuta hakuna biskuti, na Wally akaangua kicheko cha Bi Ivy.

Glenys alicheka mpaka pale mbwa mmoja wa kahawia, Dougal, aliporudishwa na watu waliomchukua. Walisema mbwa ni mpole, hana tatizo, ila akiambiwa kaa anaangalia dari kwanza, kutafuta amri inatoka wapi.

Bev ndiye aliyekuwa akiwapangia walezi mbwa kwa wilaya nzima. Alipiga simu Jumanne asubuhi.

"Glen, nina mmoja. Jike, miezi kumi, mweupe kama maziwa. Wameshamrudisha mara mbili, wanasema mkaidi."

"Mkaidi vipi?"

"Wala si mkaidi. Ni kiziwi. Ukipasua sahani nyuma yake hageuki. Hakuna aliyejisumbua kumpima."

Glenys aliangalia stendi ya dirishani. Wally akamwangalia kwa jicho moja.

"Mlete," alisema Glenys. "Mlete leo leo."

"Sasa unacheka nini?"

"We mlete tu."

Colin alipoambiwa alisema huyu ndiye wa mwisho. Alishasema hivyo kwa mbwa thelathini na mmoja. "Ndiyo, kipenzi," alijibu Glenys, kama alivyojibu mara thelathini na moja.

Bev alimleta mchana, pamoja na karatasi ya ishara za mikono, ambayo Glenys aliibandika kwenye friji. Kiganja kilichoinuliwa, vidole vimetanuka: kaa. Mkono kujipungia chini: njoo. Dole gumba: vizuri sana. Akiwa amelala usimguse ghafla, kanyaga sakafu ili ahisi mtikisiko. Mbwa mwenyewe walikuwa wamempa jina la Pavlova, ile keki nyeupe ya Krismasi, na jina lilimfaa, kwani alikuwa mweupe, mwepesi, na tayari kumwagika popote.

Aliingia jikoni akinusa. Tess alisimama kumpokea. Wally akajinyoosha juu ya stendi, akasafisha koo.

"Kaa."

Tess akakaa. Colin, aliyekuwa na kikombe mkononi, alikunja magoti kidogo kabla ya kujishtukia. Pavlova akapita.

"Kaa," alisema Wally, kwa nguvu zaidi.

Pavlova akanywa maji ya Tess. Akala chakula cha Reg, na Reg akiwa amesimama pale pale akimtazama. Kisha akaenda sebuleni, akapanda kwenye kochi, akajizungusha mara tatu na kulala. Nyuma yake Wally alimaliza amri zote alizokuwa nazo: kaa, toka, shuka, acha, mbwa mbaya, funga mlango, na mwishowe, kwa kukosa jingine, "Colin, viatu." Colin akavua.

"Maskini," alisema Glenys, akifuta machozi ya kicheko. "Hajawahi kutokewa na hili."

Wakaanza kujifunza ishara. Glenys alizishika upesi. Colin zilimwingia mno, akashindwa kuziacha nyumbani. Jumatano nzima alizunguka mjini akiinua dole gumba, na mwuza nyama akampongeza bila kujua kwa lipi. Alhamisi alimwinulia kiganja mama mmoja mlangoni mwa posta, na yule mama akasimama akingoja.

Pavlova naye alijifunza. Alikuwa mwerevu kupita kiasi. Macho yake hayakutulia. Kila kilichosogea alikiona: kidole, pazia, mkia wa Reg. Ukimpa dole gumba alitikisika mwili mzima kuanzia masikio, akaanguka, akainuka, akaleta soksi.

Balaa lilianza siku ya nne, na wala si kwa Pavlova. Wally alimwambia Tess atoke jikoni. Tess akaanza kutoka, kwa mazoea ya miaka kumi na moja. Alipofika mlangoni akageuka, akamwona Pavlova amelala chali katikati ya sakafu ya jikoni, miguu minne juu, hana habari na mtu. Tess alifikiri. Glenys, aliyekuwa akimenya viazi, aliapa baadaye kwamba aliliona wazo likiingia kichwani mwa mbwa yule na kuketi. Tess akarudi polepole, akajibwaga kando ya Pavlova.

"Toka jikoni," alisema Wally.

Tess akafumba macho.

Reg akapanda mezani. Na jioni ile Colin aliporudi kutoka bustanini, na sauti ya mama yake ikamlaki mlangoni, "Colin, viatu," aliinama, akashika kamba, akabaki hivyo kwa muda. Kisha akainuka.

"Sijasikia kitu," alisema, akakatiza jiko zima na mabuti ya matope.

"Colin Tregear," aliita Glenys.

"Eh?" Akaweka mkono sikioni.

Glenys alishikilia sinki asianguke. Alicheka mpaka akakaa chini, na Pavlova, aliyeona mtu amekaa chini, akamrukia kumlamba uso, na Tess naye akaja, na kwa muda haikujulikana nani ni nani pale sakafuni.

"Haya, umefurahi," alisema Glenys alipopata pumzi. "Sasa vua."

"Ndiyo, kipenzi."

Lakini Wally hakucheka. Alinyamaza siku mbili. Alikataa mbegu za alizeti, akawa anaangalia ukuta. Glenys akaanza kuingiwa na wasiwasi, akampigia Bev.

"Mpe muda," alisema Bev. "Huyo amefukuzwa kazi."

Jumapili asubuhi Colin alikaanga soseji, akaziweka mezani, akageuka kutafuta mkate. Pavlova akanyanyuka kwa miguu ya nyuma, akaweka mikono mezani, akanyoosha shingo. Wally akamwona. Hakusema neno, labda alishaona maneno hayana faida. Hasira tu ilimpanda, na kishungi chake kikasimama juu ya kichwa, manyoya yote yametanuka kama vidole vya mkono.

Pavlova aliona kitu kimesogea. Akageuka. Akashuka mezani, akakaa.

Soseji zilikuwa pale pale. Wally akainamisha kichwa upande mmoja, akakiteremsha kishungi polepole. Pavlova akainuka. Wally akakipandisha. Pavlova akakaa.

"Glen," alinong'ona Colin. "Unaona ninachokiona?"

Juu, chini. Kaa, inuka. Wally alifanya hivyo mara kumi, mara ishirini, kila mara kwa kasi zaidi, na Pavlova akaufuata mchezo huku ulimi nje, akitikisika kwa furaha ya kupata mtu mwingine anayezungumza lugha yake. Ndipo Wally akapagawa. Alicheza juu ya stendi, akapiga mbawa, akaning'inia kwa mguu mmoja akipiga makelele ya sauti zote mbili kwa pamoja. Akala bakuli zima la alizeti. Glenys na Colin walishikana mabega wakicheka bila sauti, na hawakumwona Reg akishuka mezani na soseji.

Ikabaki kumtafutia Pavlova kwake. Glenys hakuwa mlezi wa kung'ang'ania. Alijua ukimbakiza mmoja umemfungia mlango anayefuata. Lakini huyu hakutaka kumwacha kwa mtu yeyote tu. Watu wa kwanza waliuliza, "Sasa tutakuwa tunamwitaje?" Wa pili walipiga makofi nyuma ya kichwa chake ili kuhakikisha kweli hasikii, mara nne, mpaka Colin akawaonyesha njia ya kutokea.

Wa tatu alikuja Jumamosi saa tisa mchana, peke yake, kwa pikapu yenye vumbi. Aliitwa Trudi, mwanamke wa miaka kama arobaini, mpana wa mabega, bado yumo ndani ya nguo za kazi za rangi ya machungwa zenye mistari ya kung'aa. Hakumwita mbwa. Alichuchumaa mlangoni, akakaa kiupandeupande, akapunga mkono chini kabisa, karibu na sakafu. Pavlova akaja moja kwa moja, akaingiza pua kwapani mwake.

Glenys alisahau chai. "Umejifunza wapi hayo?"

"Mimi kazi yangu kusimamisha malori, mama," alisema Trudi. "Barabara ya kwenda mjini Wagga, pale wanapotengeneza. Kwa kelele za zile mashine husikii hata unachowaza mwenyewe. Kutwa ni mikono tu. Nikirudi nyumbani kuongea naona uvivu."

Akasimama, akainua kiganja. Pavlova akakaa. Tess akakaa. Colin, aliyekuwa akiingia na sinia ya vikombe, akasimama katikati ya mlango.

"Niendelee au nisubiri?"

Trudi akampungia mkono kama anavyolipungia lori. "Pita."

Wally hakupenda. Mtu mwingine anatoa amri nyumbani kwake, na amevaa nguo zinazong'aa kumzidi. Trudi alipomwita mbwa kwa mkono, Wally akasimamisha kishungi. Pavlova akainuka, akakaa, akainuka, akatazama huku, akatazama kule, na kwa kushindwa kuchagua akaanza kuzunguka akiufuata mkia wake mwenyewe. Trudi alimkazia macho kasuku kwa muda mrefu.

"Na huyu ni nani?"

"Msimamizi," alisema Colin.

Trudi akainamisha kichwa kwa heshima. Glenys akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akamfunika Wally ili mazungumzo yaendelee. Kisha kutoka chini ya kitambaa ikaja sauti kavu ya puani.

"Colin, viatu."

Trudi akaiangalia miguu ya Colin. "Mbona kweli umevaa viatu ndani?" Alipoona mzee anainama kuvifungua, kicheko kilimtoka, kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea kushindana na mashine, na Pavlova, ingawa hakusikia chochote, aliuona mwili ule ukitikisika na naye akatikisika.

Trudi na Pavlova waliondoka saa kumi na moja. Glenys alitoa karatasi kwenye friji akampa Trudi, ingawa Trudi hakuihitaji, akasimama barabarani ameinua dole gumba mpaka pikapu ilipopita kona. Dirishani kichwa cheupe kilikuwa kimetoka nje, kinamwangalia yeye. Machozi yalimtoka, akayaacha, na alipomgeukia Colin alimkuta naye dole gumba liko juu na pua inamchuruzika.

Wiki tatu baadaye walikuwa wakienda Wagga kumwona daktari wa meno wa Colin, wakakuta barabara imefungwa upande mmoja. Malori ya ngano yalijipanga mbele yao na nyuma yao. Mbele kabisa alisimama Trudi na kibao chake, upande mmoja simama, upande wa pili pita, na kivulini mwa pikapu alikaa Pavlova, amevaa kikoti cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa. Msimamizi wa kazi alikuwa ameruhusu, alieleza Trudi baadaye. Alisema tangu mbwa aje madereva wamepunguza mwendo wenyewe ili wamwone.

Glenys alishuka kwenye gari kabla Colin hajavuta breki ya mkono. Hakuita. Alipunga mkono chini, mbali vile, na Pavlova akageuza kichwa, akachomoka kama jiwe la manati. Walianguka wote wawili kwenye majani makavu kando ya lami. Colin akashuka naye, mara Trudi akaja, na kibao chake kilikuwa kimeshageuka upande wa kuruhusu bila yeye kukumbuka.

Dereva wa lori la nyuma yao akatoa kichwa dirishani.

"Mzee," alisema, "barabara imefunguliwa, au kuna harusi hapo tungoje pilau?"

"Sijasikia," alimjibu Colin, mkono sikioni, huku Pavlova akimvuta kamba za viatu. Walifika kwa daktari wamechelewa dakika ishirini, na Colin alipokaa kwenye kile kiti suruali yake nzima ilikuwa imejaa manyoya meupe, na akaambiwa mara tatu aache kucheka ili afungue kinywa.