Boti ya Usoke

Twalibu alikuwa seremala wa karakana ya reli pale Tabora, na kwa miaka ishirini hakuna aliyethubutu kumfundisha jambo kuhusu mbao. Mlango wa behewa ukigoma kufunga, aliitwa yeye. Sakafu ya daraja la kwanza ikianza kulia chini ya viatu vya abiria, aliitwa yeye. Kwa hiyo mwaka ule wa sitini na tisa, alipoamua kununua boti iliyotumika, hakuona haja ya kumwomba mtu ushauri, hata mkewe.

Hapo alikosea. Mkewe Mwanajuma alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na baba yake aliunda mashua kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika tangu zama za Wajerumani hadi macho yalipomwishia. Lakini Mwanajuma hakuwa mtu wa kujitangaza. Alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya nyumba yao mtaa wa Isevya, na habari za mashua hakuna aliyemuuliza.

Boti yenyewe ilitafutwa kwa ajili ya binti yao, Tatu. Alipooza miguu kwa maradhi akiwa na miaka mitatu, na sasa, akiwa na kumi na minne, alitembea kwa magongo ambayo baba yake alimchongea mapya kila alipoongeza kimo. Siku za mapumziko majirani walidandia lori hadi bwawa la Igombe, wakapika pilau, wakakodi mtumbwi wa mvuvi na kuzunguka majini. Tatu alikwenda mara moja tu. Wajomba zake walimbeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi, watu wote ufukweni wakitazama, na aliporudi nyumbani alisema hatakwenda tena.

"Mimi si gunia la mpunga," alimwambia mama yake, baba yake akisikia.

Alisema bila kulia, na ndiyo maana maneno yale yalimkaa baba yake kifuani kwa miezi.

Boti ya kwanza aliiona kwa mzee Yahaya, mstaafu wa idara ya maji aliyekaa karibu na bwawa. Twalibu aliipenda palepale. Mbao nzito, misumari ya shaba, kila kiungo kimekaa sawasawa. Alirudi nyumbani akiisifu wakati wote wa chakula.

"Kuta zake zinafika wapi?" Mwanajuma aliuliza.

"Hapa." Twalibu alionyesha kifua chake.

"Tatu ataingiaje?"

"Nitambeba."

Tatu aliinuka, akachukua magongo yake, akatoka uani. Twalibu akabaki anautazama mkate wake. Habari za boti ya Yahaya ziliishia hapo.

Wiki tatu baadaye, fundi mwenzake alimpa habari za boti nyingine huko Usoke. Ilikuwa ya mlowezi wa Kizungu aliyelima tumbaku, na alipoondoka nchini alimwachia Kornel, karani wa ushirika. Sasa Kornel na familia yake walikuwa wanahamia kijiji kipya cha ujamaa, mahali ambapo maji yalikuwa ya kisima kimoja tu, na boti haikuwa na kazi.

Jumamosi wakapanda treni ya Kigoma wote watatu. Tatu alikubali kwenda kwa sababu ya treni, si kwa sababu ya boti, na alitaka jambo hilo lieleweke.

Waliikuta chini ya banda la kukaushia tumbaku, imelazwa juu ya magurudumu ya zamani. Ilikuwa nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni. Twalibu hakuwahi kuona boti ya namna ile. Kioo cha mbele kilikatwa katikati kikawa na kilango kidogo, na ukipita kilango hicho ulikuta viti vingine mbele kabisa, vimeizunguka pua ya boti kama makochi ya sebuleni. Mtu akikaa pale, mbele yake hakuna kitu ila maji.

"Karibuni, mzee. Shikamoo," alisema Kornel.

"Marahaba, ndugu."

Twalibu alianza kuizunguka. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akagonga tena. Alipapasa viti, akazungusha usukani, akafungua na kufunga kile kilango mara tano. Injini ilikuwa imefungwa nyuma, imepakwa mafuta hadi inang'aa, naye akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe.

"Nzima," alisema. Tayari alikuwa amenyoosha mkono ili wapatane.

"Ndugu Kornel, una ndoo?" Mwanajuma aliuliza.

"Ya nini, mama?"

"Nataka tutie maji."

"Majini si ndiko itakwenda baadaye?" Kornel alicheka.

"Tutie ndani. Boti ikielea, ubovu wake uko chini na huuoni. Maji yakiwa ndani, yenyewe yatatuonyesha yanapotokea."

Kornel alimtazama Twalibu, na Twalibu akatazama paa la banda. Lakini ndoo zililetwa. Walitia hadi maji ndani ya boti yakafika kimo cha vifundo vya miguu, kisha wakasimama na kungoja. Ubavu wa kulia mkavu. Wa kushoto mkavu. Mwanajuma aliinama, akaenda taratibu hadi nyuma, akasimama.

"Baba Tatu, njoo."

Ule ubao mpana wa nyuma, uliobeba injini, ulikuwa unatoa jasho. Kisha likashuka tone, likafuatwa na jingine, na baada ya kitambo mchirizi wa maji ya rangi ya chai ukateremka juu ya ile rangi nyeupe. Twalibu alichomoa bisibisi mfukoni, akaugusa ubao. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini kana kwamba imechomwa kwenye kiazi kilichoiva.

Alikuwa amegonga kila mahali isipokuwa pale. Injini ilimpumbaza.

"Mungu ananiona, sikujua," alisema Kornel. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi nilipaka rangi tu ipendeze."

"Najua," Twalibu alisema. Hasira yake haikuwa kwa Kornel. "Mama Tatu, twende zetu stesheni."

"Baba," Tatu aliita.

Waligeuka. Magongo yalikuwa yameegemezwa kwenye nguzo ya banda. Tatu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa pua ya boti, uliokuwa chini kama kiti cha kawaida. Aliushika mguu wa kushoto kwa mikono yake miwili, akauvusha ndani. Akauvusha wa kulia. Kisha akateleza hadi kwenye kiti cha mbele, maji yakachuruzika juu ya viatu vyake.

"Nimeingia," alisema.

Mwanajuma alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akamgeukia mumewe.

"Ubao uliooza ni mmoja. Ubao si kazi yako?"

"Kazi yangu mabehewa."

"Na kazi ya baba yangu ilikuwa mashua. Nitakuelekeza."

Wakaelewana na Kornel, ambaye alishusha bei bila kuombwa, na lori la ushirika lililokuwa linapeleka tumbaku mjini likaivuta boti hadi Isevya.

Kazi ya uani ilichukua majuma sita, na haikuwa ya amani. Twalibu alichagua mninga mkavu, akaukata na kuubana kama anavyobana milango ya behewa, hata wembe usipite. Mwanajuma alimwambia aache nafasi ya kuziba kwa pamba na lami, kwa kuwa mbao ikilowa huvimba. Twalibu alisema yeye na mbao wanajuana. Walipoimwagia maji ubao ukavimba, ukaachana na ubavu kwa mlio uliosikika hadi msikitini. Siku mbili hawakusemeshana. Siku ya tatu Twalibu alileta ubao mwingine, akauweka miguuni pa mkewe pamoja na penseli.

"Chora," alisema.

Mzee Masolwa, balozi wa nyumba kumi, alipita jioni moja akaikuta boti imepinduliwa uani. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kuuliza maswali akiwa amefunga mikono nyuma.

"Ndugu Twalibu, watu wanauliza. Sisi tunahimizwa kujitegemea, wewe unajenga boti ya starehe?"

Kabla Twalibu hajafungua kinywa, Tatu alisema, "Mzee, ina viti nane. Sisi tuko watatu."

Masolwa aliitazama boti tena. Alikohoa kidogo, kisha akauliza wanakwenda siku gani.

Walikwenda Jumapili, na ufukwe wa Igombe ulikuwa umejaa watu. Boti ilisukumwa hadi pua yake ikagusa mchanga. Watu wakaanza kusogea kutazama.

"Jamani, pilau inaungua!" Mwanajuma alipaza sauti, na wote wakageukia masufuria.

Tatu akaingia mwenyewe, akaketi mbele kabisa. Masolwa na mkewe wakakaa nyuma. Mwanajuma akashika usukani bila kuulizwa. Injini ilikohoa mara tatu, ya nne ikawaka, na ufukwe ukaanza kwenda mbali.

Twalibu, aliyekaa kwenye benchi la nyuma, alichungulia ubao wake. Mkavu. Akachungulia tena. Ndipo, wakiwa katikati ya bwawa, alipotambua kwamba yeye hakuwahi kuwa juu ya maji maisha yake yote. Alishika benchi kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Baba ameogopa!" Tatu alikuwa amegeuka, anacheka, nywele zimepeperushwa na upepo. "Baba, huko nyuma ndiko kubaya. Njoo huku, unaona kinachokuja."

"Siwezi kusimama, mwanangu."

"Nani amekwambia usimame?"

Twalibu alishuka kwenye benchi. Alitambaa kwa magoti mbele ya balozi wake wa nyumba kumi, akapita kwenye kile kilango cha kioo, akajivuta hadi kwenye kiti kilichokuwa kando ya binti yake. Tatu alimshika mkono wa shati asiyumbe. Mwanajuma akaongeza mwendo, na Twalibu akafumbua macho.