Sanduku la Namba Nane

Siku ile Bi Bertila hakuwa na safari. Alisimama kando ya lami pale Puge na kifurushi cha karanga za kuchemsha, anangoja basi la Chuo cha Bethania lipite, ampe mjukuu wake Elieth zile karanga dirishani, amtakie heri, arudi zake shambani. Basi likaja, likasimama. Elieth akatoa kichwa nje, amevaa jezi ya njano namba nane.

"Bibi, panda! Kiti kipo. Jioni tunakushusha hapa hapa."

"Na kuku wangu?"

"Kuku hawachezi leo, bibi. Nacheza mimi."

Wasichana ndani ya basi wakaangua kicheko. Bertila akapanda vile vile alivyo, na vumbi la shamba miguuni.

Lakini kilichompandisha si mpira. Mpira wa kikapu hakuujua hata kidogo. Kilichompandisha ni habari aliyoletewa wakati wa palizi, kwamba Elieth alianguka mazoezini, akazimia, akamwagiwa maji ndipo akafumbua macho. Daktari alimpima akasema hana kitu, ni kushinda bila kula. Sawa. Lakini hata mama yake Elieth, Magreth, walisema hana kitu. Magreth mtoto wa Bertila alikwenda bombani asubuhi, anaimba, akaanguka chali na ndoo yake, na mpaka wanamfikisha barabarani hakuwa mtu tena. Elieth alikuwa anaanza kujua kuvaa viatu. Tangu hapo Bertila alimlea kwa uji na kwa hofu, na kila mtoto alipochelewa kurudi, yeye alikuwa ameshamzika na kumfufua moyoni mwake mara nyingi.

Njia nzima mpaka Tabora wasichana waliimba. Bertila aliwatazama migongo yao mipana ya ujana, akajisemea, mbona wazima hawa. Roho ikatulia kidogo.

Haikutulia sana. Walipoingia kwenye geti la Chuo cha Mtakuja, wenyeji walikuwa wamejipanga pande zote za njia, wanapiga madebe.

"Mtakuja! Mtakuja! Mmekuja! Mtarudije?"

"Wanasemaje hao?" Bertila aliuliza.

"Wanatukaribisha," alisema Julieth. Huyu Julieth alikuwa mchezaji pia, lakini mkono wake ulikuwa na plasta, kwa hiyo alipewa kazi ya kukaa na bibi.

"Hivi ndivyo wanavyokaribisha?"

"Bado, bibi. Hapo ni ugali tu, mboga haijaja."

Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya saruji, mistari imepakwa rangi nyeupe, na kila upande nguzo yenye ubao na kikapu chenye nyavu zilizochanika. Wenyeji walikuwa wamejaa pande tatu, wengine wamepanda juu ya ukuta wa mabweni. Wageni walipewa upande wa nne, unaopigwa na jua la machoni, na walikuwa wachache mno. Dereva, Julieth, wasichana wa akiba, mwalimu wao Silasi, na bibi mmoja kutoka Puge. Bertila alijiona kama mtu aliyeingia kwenye ua wa watu wakati mbwa hawajafungwa.

Filimbi ikalia. Mpira ukaanza kudunda, na kila ulipodunda kwenye ile saruji aliusikia kifuani. Wasichana walikimbia mbele, wakarudi nyuma, wakasukumana, wakarukiana. Julieth alijaribu kumweleza, hii ni faulo, ile ni kikapu cha mbali, bibi usifumbe macho. Bertila alitazama kitu kimoja tu, miguu ya Elieth. Ilipogusa chini, alipumua. Iliporuka, alizuia pumzi. Elieth aliutupa mpira ukaingia, akautupa tena ukaingia, mpaka wale wa madebe wakaanza kumtaja.

"Nane mbaya! Nane mkabeni! Nane leo halali kwao!"

"Wamemjua," Julieth alisema kwa furaha.

Bertila hakufurahi. Mtu kujulikana ugenini, yeye aliona si heri.

Wakati wa mapumziko kelele zikakatika. Kisha ngoma ikaanza kupigwa polepole, mpigo mmoja, kimya, mpigo mmoja, kimya. Wenyeji wa upande mmoja wakapasuka katikati kuacha njia. Wakatoka vijana wanne wamebeba jeneza mabegani.

Lilikuwa la mbao za makasha, limepakwa rangi nyeusi mbichi, na ubavuni wameandika kwa chokaa tarakimu moja kubwa. Nane.

Mbele yake alitembea kijana aliyejitanda shuka la kitanda kama padri, anachovya majani kwenye ndoo na kunyunyiza maji. Nyuma wasichana wamefunga khanga viunoni, mikono kichwani, wanalia kilio kamili, kile cha kupandisha na kushusha, "Nane wetu wee! Umetuacha na nani wee!" Uwanja mzima ulikuwa unacheka mpaka watu wanashikana.

Bertila akajifunga kitenge chake upya.

"Ni utani tu, bibi," Julieth alisema haraka. "Kila timu ikija wanaizikia mtu. Wala hawamaanishi."

"Kilio hicho ndicho walichomlilia Magreth."

"Bibi..."

"Kwetu mtu mzima hamlilii mtu aliye hai. Hamlilii hata kwa mchezo. Ukimlilia umemwita."

Akamtazama Elieth. Msichana alikuwa ameketi kwenye benchi na chupa ya maji, analitazama lile sanduku. Aliinua chupa, na chupa haikufika mdomoni. Ilimwagikia jezi.

Bertila akainuka, akamwendea Mwalimu Silasi.

"Mwalimu, mtoe mtoto."

"Nani, Elieth? Bibi, nikimtoa huyo tumekwisha."

"Na akibaki?"

Mwalimu alitabasamu, tabasamu la kumtuliza mtu mzima. "Ni mambo ya uwanjani haya, bibi yangu. Yanaishia hapa hapa."

"Ndilo ninaloliogopa, yaishie hapa hapa."

"Bibi, nenda ukakae," Elieth alinong'ona bila kuinua uso. "Wananicheka."

Alirudi kukaa. Mchezo ukaanza tena, na sasa lile jeneza walikuwa wameliweka chini nyuma kabisa ya kikapu, kile ambacho Elieth alipaswa kukielekea. Kila aliposhika mpira, kilio kilipanda. Akautupa, ukagonga chuma. Akautupa tena, haukugusa kitu. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mara moja alishika kifua, akainama, akainuka, akakimbia. Bertila aliona pale pale aliposhika. Aliona kama vile yule padri wa shuka ameweka kidole chake hapo.

Ndipo akakumbuka maziko ya mume wake. Maiti imeshafika kaburini, kamba zimeshapitishwa, wajukuu wakaja mbio wakalikalia jeneza. Ni haki yao, wao na babu ni watani. Wakasema babu hazikwi mpaka tukombolewe, tunataka soda. Katekista alinyamaza, wazee walinyamaza, wachimbaji waliweka majembe chini. Hakuna mtu anayeweza kumsukuma mtani juu ya jeneza. Akishakaa, maziko yamesimama.

Na bibi na mjukuu ni watani. Haki hiyo ina pande mbili.

Hakumwambia Julieth. Alizunguka uwanja kwa nyuma, akajitosa katikati ya wale watu. Aliogopa watampiga. Hawakumpiga. "Shikamoo bibi. Shikamoo bibi," walimpisha, wakidhani ni mama mpishi wa chuo au bibi ya mtu. Akaitikia marahaba, marahaba, mpaka akafika. Harufu ya rangi ikamjia puani. Akageuka, akajiinamia, akakaa juu ya jeneza.

Kilio kikakatika kama kimekatwa na kisu.

Kiongozi wa ushangiliaji alikuwa kijana mrefu aitwaye Masolwa, ngoma imemning'inia shingoni. Akamtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo bibi. Umechoka? Tukuletee kiti?"

"Marahaba, mume wangu. Kiti nimeshapata."

Watu wakacheka. Masolwa hakucheka. Kwao vijijini Igunga alikuwa ameshayaona mambo haya.

"Bibi, wewe ni mtani wa nani hapa?"

"Wa marehemu wenu. Hazikwi mtu leo. Nimekaa."

"Loo!" mmoja akasema. "Jamaa, tumepatikana."

"Basi tukukomboe," alisema Masolwa. "Unataka nini? Soda?"

"Sitaki soda. Mnyamaze."

"Tunyamaze mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

"Bibi, haiwezekani! Kazi yetu sisi ni kelele."

"Basi kazi yangu mimi ni kukaa."

Wakapiga ngoma, ndiyo, lakini kulia hawakuweza tena. Utamlilia nani, na jeneza limekaliwa na ajuza anayetafuna midomo? Wasichana wa khanga wakajaribu, wakatazamana, wakaacha. Uwanjani Elieth akautupa mpira ukaingia. Hakuwa amemwona bibi yake. Bertila alishikilia ukingo wa mbao kwa mikono miwili, rangi ikimganda vidoleni, anasali Salamu Maria na kuipoteza katikati na kuianza tena.

Mchezo ukakaribia kwisha. Mpira ulipanda juu, na wasichana watatu wakapanda nao. Kiwiko cha mtu kikamfika Elieth usoni. Alianguka chali.

Hakuinuka.

Ngoma ikanyamaza. Watu wakanyamaza, mpaka wale wa juu ya ukuta. Mpira peke yake ulikuwa unadunda ukienda zake. Elieth alilala mkono mmoja umekunjika chini ya mgongo, uso umeelekea juani, vile vile alivyolala mama yake pale bombani.

"Mayu wane! Mama yangu!" Miguu ya Bertila ilinyanyuka yenyewe. Akasikia chini yake mbao zikilia, zikijinyoosha kwa kuondokewa na uzito wake. Akarudi chini kwa kishindo.

Maana akiinuka, sanduku litabaki tupu, na sanduku lenye namba halikai tupu.

Watu wote walimkimbilia Elieth. Mwalimu Silasi alikimbia, refa alikimbia, Julieth alikimbia na plasta yake. Hata wapinzani walikimbia. Bertila alibaki amekaa. Moyo ulimwambia nenda, mtoto anakufa na wewe umekaa. Moyo huo huo ukamwambia kaa, ukienda ndiyo atakufa. Hakujua upi ni moyo wake. Alitetemeka mpaka jeneza likatetemeka naye.

"Bibi," Masolwa aliinama, sauti imebadilika. "Yule ni mjukuu wako kabisa? Wa damu?"

"Ndiye."

"Nenda basi! Nikushike mkono?"

"Usinishike! Mwite."

"Nimwite nani?"

"Mwite yeye! Wewe ndiye uliyemlilia, wewe mwite arudi. Mimi sauti sina. Elieth. Elieth binti Magreth."

Masolwa alivua ngoma shingoni, akaitupa chini. Akaweka viganja mdomoni. "Elieth! Elieth binti Magreth!" Wenzake wakamtazama, kisha na wao wakaanza, yule padri wa shuka, wale wasichana wa khanga, mpaka upande wote wa wenyeji ukawa unaliita jina la mgeni. Hapakuwa na mzaha tena. Kuna msichana mmoja alikuwa analia, machozi ya kweli.

Mguu ukasogea. Kisha goti. Refa akawasogeza watu apate hewa, Mwalimu Silasi akamwinua mabega, na Elieth akakaa, akatema damu, akauliza jambo fulani ambalo watu wa karibu walilicheka huku wakishusha pumzi. Walimtoa nje akichechemea.

Mtakuja walishinda. Hakuna aliyeshangilia sana.

Elieth alimkuta bibi yake pale pale. Mdomo ulikuwa umevimba, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa.

"Bibi. Nimeanguka."

"Nimeona."

"Hukuja." Alijigusa mdomo. "Kila mtu amekuja. Hata niliokuwa nawafunga wamekuja. Nafumbua macho nakutafuta, nakuona uko huku kwao, umekaa. Umekaa tu, bibi!"

Bertila aliinama. Alivuta upande wa kitenge chake uliokuwa umefunika ubavu wa jeneza, namba ikaonekana.

Elieth aliitazama, akamtazama bibi yake. "Ulikaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoacha kufunga."

Msichana alifuta pua kwa jezi. Akasogea, akataka kujishusha kando yake. "Haya, nipishe kidogo, mguu unaniuma."

"Usikae!" Bertila alimsukuma kwa nguvu hata yeye mwenyewe alishtuka. "Usiguse hapa! Simama. Simama hivyo hivyo, nikuone."

Dereva wa Bethania alikuwa anapiga honi getini. Bertila hakuinuka. Alimgeukia Masolwa.

"Mume wangu, tafuta shoka."

"La nini, bibi?"

"Livunje."

"Na wewe uko juu yake?"

"Na mimi niko juu yake. Anzia huko miguuni."

Hakubishana. Akaleta shoka kutoka jikoni, akaanzia miguuni, taratibu, ubao mmoja mmoja, na wenzake wakizipokea mbao na kuzipeleka kwa wapishi. Ule wenye namba aliupasua katikati. Bertila alisogea nyuma kila alipoambiwa, nusu mwanamke, nusu jeneza, mpaka akabaki na kipande kisichotosha hata paka. Ndipo akakubali kushikwa mkono.

"Bibi, una vituko," Elieth alisema. Akacheka, mdomo ukamuuma, akaacha.

Bertila hakucheka. Alikuwa anakitazama kifua cha msichana chini ya ile jezi, jinsi kilivyokuwa kinapanda, na kushuka, na kupanda tena.